Pombe ya Ulezi na Uvimbe wa Taya

Juma hili nataka tuzungumze juu ya kugawanyika kwa seli, yaani vile vijumba vidogo vya uhai ambavyo vimejenga mwili wa kila kiumbe. Nimelichagua jambo hili kwa sababu ya swali ninaloulizwa mara kwa mara nikipita Kenyamonta, wilayani Serengeti, na hata ng'ambo ya mto Mara, huko Tarime na Rorya. Swali lenyewe huja hivi: "Ni uvimbe gani huu ambao juma lililopita haukuwepo, leo umelijaza shavu la mtoto, na juma lijalo meno yanachezacheza? Kama si mkono wa mtu, ni nini?"

Ni swali la haki. Jipu tunalijua. Huja na maumivu, huiva, hupasuka na kupona. Jino bovu nalo tunalijua. Lakini uvimbe huu mara nyingi hauumi sana, hauna usaha, nao hukua kwa haraka inayotisha. Mtu akishindwa kueleza haraka hiyo, ni rahisi amtafute mchawi. Mimi nataka kuieleza haraka hiyo, kwa kuwa ndani yake mna jibu la ugonjwa na pia jibu la tiba. Naomba uvumilivu wenu, maana nitaanzia mahali ambapo wengi hawakutazamia: kwenye chungu cha pombe ya ulezi. Ndugu zangu ambao dini zao zinakataza kunywa wasiwe na hofu, leo hatunywi, tunatazama tu.

Mama anayepika pombe anajua kwamba uji wa kimea hauwi pombe wenyewe. Kuna kitu ndani ya chungu kinachoufanya uchachuke na kutoa povu. Kitu hicho ni hamira, na hamira ni kiumbe hai. Kila chembe ya hamira ni seli moja tu, ndogo kiasi ambacho jicho haliwezi kuiona bila hadubini. Seli hiyo hula sukari ya kimea, hukua, kisha hugawanyika kuwa mbili. Mbili huwa nne, nne huwa nane, na baada ya muda si mrefu chungu kizima kinachemka bila moto.

Mwaka 1893, katika maabara moja ya watengenezaji wa bia nchini Ujerumani, mtaalamu aitwaye Paul Lindner alichunguza mashapo ya pombe ya nafaka iliyokuwa imesafirishwa kutoka Afrika Mashariki. Ndani yake alikuta hamira ya aina yake. Hamira ya mkate huchipua kitoto ubavuni. Hii ya kwetu hurefuka kama kijiti, kisha hujikata katikati na kuwa mbili zinazolingana, kama zinavyofanya seli nyingi za mwili wa binadamu. Lindner aliipa jina la kitaalamu, Schizosaccharomyces pombe. Naam, pombe hiyo hiyo. Neno letu la Kiswahili limo katika vitabu vya biolojia vya dunia nzima, na wataalamu wa Tokyo na New York hulitamka kila siku pengine bila kujua limetoka wapi.

Katika miaka ya 1970, Mwingereza mmoja, Paul Nurse, alikuwa akiichunguza hamira hiyo ya pombe mjini Edinburgh. Alitaka kujua jambo moja: seli inajuaje kwamba wakati wa kugawanyika umefika? Alitafuta hamira zenye kasoro, zile zilizogawanyika mapema kabla hazijafikia ukubwa wake wa kawaida. Akazipata zipatazo 50, na karibu zote zilikuwa na kasoro katika jeni moja, yaani katika agizo moja la urithi. Jeni hiyo ilikuwa kama breki, na breki ikikatika seli hugawanyika ikiwa bado changa. Ya mwisho ilikuwa tofauti. Sahani yake ilikuwa imeota ukungu, na Nurse mwenyewe amesimulia kwamba aliitupa kwenye pipa la taka, akaenda nyumbani, kisha moyo ukamsuta akarudi usiku kuiokota. Katika sahani hiyo kasoro haikuwa ya breki. Ilikuwa ya jeni ambayo ndiyo mwendesha kazi mwenyewe, iliyojulikana kwa jina la cdc2.

Hapo mtu angeweza kusema, vema, hayo ni mambo ya hamira, mimi yananihusu nini? Swali hilo lilijibiwa mwaka 1987. Nurse na mwenzake, Melanie Lee, wakiwa London, walichukua hamira ya pombe iliyoharibika jeni hiyo, ambayo kwa hiyo haikuweza tena kugawanyika. Wakaimwagia vipande vya maagizo ya urithi ya binadamu, maelfu kwa maelfu, kuona kama kuna hata kimoja kitakachoiponya. Kikapatikana. Hamira ikaanza tena kugawanyika, na walipotazama ni kipande gani kimefanya kazi hiyo, wakakuta jeni ya binadamu inayofanana mno na ile ya hamira. Siku hizi inaitwa CDK1, nayo imekaa kwenye kromosomu yetu namba 10. Hebu fikirini. Babu wa pamoja wa binadamu na hamira aliishi zaidi ya miaka milioni 1,000 iliyopita, lakini jeni ya mtu ikaingia mahali pa jeni ya hamira na kazi ikaendelea. Mwaka 2001 Nurse alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Mmarekani Leland Hartwell, aliyeichunguza hamira ya mkate, na Mwingereza Tim Hunt, aliyevumbua mwenzi wa CDK1 katika mayai ya viumbe wa baharini.

Sasa jeni hii hufanya nini? Jeni ni agizo, na agizo la CDK1 ni la kutengeneza protini ya aina inayoitwa kinasi. Kazi ya kinasi ni kubandika fosfeti juu ya protini nyingine. Fosfeti mnaijua, ni jamaa wa ile iliyomo katika mbolea ya Minjingu. Ndani ya seli, fosfeti ikibandikwa juu ya protini huwa kama amri iliyopigwa muhuri: aliyelala huamka, aliyekuwa akifanya kazi husimama. CDK1 ikipiga mihuri yake, nyuzi za urithi hujikunja na kujipanga, ukuta wa kiini hubomoka, kamba za kuvutia hutandazwa, na seli moja hugawanyika kuwa mbili.

Wafugaji wataielewa CDK1 vizuri nikiifananisha na mlinzi wa lango la zizi. Mlinzi huyu hana mamlaka ya kufungua akiwa peke yake. Lazima aletewe ufunguo, na ufunguo huo ni protini iitwayo saiklini, ile aliyoivumbua Hunt. Saiklini hukusanywa kidogo kidogo, ikitosha lango hufunguliwa, kisha saiklini yote huvunjwavunjwa ili lango lisibaki wazi. Hata ufunguo ukiwepo, ile breki niliyoitaja humzuia mlinzi mpaka mambo mawili yatimie: seli iwe imekua vya kutosha, na nyuzi zote za urithi ziwe zimenakiliwa bila kupungua. Ni kama mzee anayehesabu ng'ombe wote kabla ya kuruhusu wapite. Lango si moja, kwa sababu safari ya seli ina vituo kadhaa, na kwenye vituo vingine husimama ndugu wa CDK1, kama CDK2, CDK4 na CDK6.

Kazi hii haina likizo. Ili kufidia chembe nyekundu za damu zinazochakaa, mwili wa mtu mzima hutengeneza mpya zipatazo milioni 2 kila sekunde. Kidonda cha mguuni hakiwezi kufunga bila seli kugawanyika. Mimba nayo, wataalamu walipoiondoa jeni hii katika panya, vijusi vilikufa mwanzoni kabisa. Kwa hiyo tusiidhanie CDK1 kuwa ni jeni mbaya ya saratani. Ni jeni ya uhai. Saratani huja pale malango yanapofunguliwa bila hesabu.

Na hapo ndipo tunaporudi kwenye shavu la mtoto. Mwaka 1957 daktari mpasuaji kutoka Ireland, Denis Burkitt, akiwa katika hospitali ya Mulago mjini Kampala, aliitwa na mwenzake Hugh Trowell kumtazama mtoto wa miaka mitano aliyevimba taya pande zote mbili. Muda si mrefu akamwona mwingine Jinja. Alipoanza kutafuta kwa makini aligundua kwamba watoto wenye uvimbe wa taya mara nyingi wana uvimbe tumboni pia, na kwamba huo ni ugonjwa mmoja. Akauandikia mwaka 1958. Mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake, Ted Williams na Cliff Nelson, walifunga safari ya zaidi ya kilomita 15,000 kwa gari kuukuu, wakiuliza hospitali kwa hospitali kutoka Uganda hadi kusini mwa Afrika. Waliona kwamba ugonjwa hupatikana kwa wingi nchi za joto na mvua, na huwa nadra kwenye milima ya baridi na penye ukame. Kwa maneno mengine, ramani yake ilifanana na ramani ya malaria. Ugonjwa ukapewa jina la Burkitt.

Mwaka 1964, Anthony Epstein na wenzake huko London walikuta kirusi kipya ndani ya seli za uvimbe huo, kirusi cha Epstein-Barr. Lakini kirusi hicho karibu kila mtoto wetu hukipata kwa mate akiwa mdogo, na wengi mno hawaumwi chochote. Peke yake hakitoshi. Mwaka 1982 ikajulikana kinachoharibika ndani ya seli yenyewe. Kipande cha kromosomu namba 8 hukatika na kuunganishwa mahali pengine, mara nyingi kwenye kromosomu namba 14. Kwenye eneo hilo kuna jeni iitwayo MYC. MYC si mlinzi wa lango, ni msimamizi anayewaamuru walinzi: tengenezeni saiklini, fungueni, pitisheni. Kwa kawaida huamuru inapohitajika kisha hunyamaza. Ikiunganishwa mahali papya, penye maagizo ya kutengeneza kingamwili, hukosa wa kuinyamazisha. Kinasi zile zile za uhai sasa hupokea amri mfululizo, mchana na usiku.

Malaria inaingiaje? Seli zinazoharibika ni zile za damu zinazotengeneza kingamwili. Mtoto akishambuliwa na malaria tena na tena, seli hizo hulazimika kugawanyika mara nyingi, na katika kutengeneza silaha mpya hukatakata maagizo yao wenyewe ya urithi. Penye kukata mara nyingi, siku moja panaweza kukatwa pasipostahili.

Jambo hili lilijaribiwa hapa hapa kwetu. Kati ya mwaka 1977 na 1982, katika eneo la North Mara, ambalo leo ni wilaya za Tarime na Rorya, watoto wa chini ya miaka 10 walipewa vidonge vya klorokwini mara mbili kwa mwezi. Malaria ilipungua mwanzoni, kisha ikapanda tena, maana vimelea vilianza kuizoea dawa. Ugonjwa wa Burkitt ulipungua katika miaka ya majaribio, na baadaye ukaongezeka. Hata hivyo ilionekana kwamba kupungua kulikuwa kumeanza kabla ya vidonge, kwa hiyo watafiti hawakutangaza kwamba wamepata uthibitisho kamili. Nawaheshimu kwa hilo. Kati ya mwaka 2010 na 2016 watoto wa Kanda ya Ziwa walishiriki tena katika utafiti mkubwa wa ugonjwa huu uliofanyika Tanzania, Kenya na Uganda. Kwa hiyo mtu wa Mara asifikiri kwamba habari hizi ni za mbali. Sehemu ya elimu aliyonayo dunia juu ya ugonjwa huu imetoka kwa watoto wetu.

Sasa tupige hesabu ya ile haraka. Seli ya Burkitt huweza kugawanyika kila siku moja au mbili, na ni miongoni mwa seli za saratani zinazogawanyika upesi kuliko zote. Chukueni seli moja inayogawanyika kila siku. Baada ya siku 10 ni seli 1,024. Baada ya siku 20 zimepita milioni 1. Baada ya siku 30 zimepita milioni 1,000, na hizo ni kama gramu 1 tu, uvimbe wa ukubwa wa haragwe ambao mama anaweza hata asiuone. Lakini haragwe hilo likiongezeka maradufu mara tano tu, tayari ni gramu 32. Kwa kweli seli nyingi hufa njiani, kwa hiyo uvimbe wenyewe huchukua siku zaidi kuliko hesabu hii, lakini mwenendo ni huo huo. Mwanzo wote ulikuwa umefichika, na tunachokiona ni mwisho wa safari. Hiyo ndiyo sababu juma moja hakuna kitu, na juma la pili shavu limejaa. Hakuna mkono wa mtu hapo.

Na sasa nifikie lile ninalotaka mlikumbuke hata mkisahau majina yote ya leo. Haraka hiyo inayoua ndiyo pia inayoponya. Dawa nyingi za saratani huipiga seli wakati inapogawanyika. Uvimbe unaogawanyika polepole huzikwepa, kwa kuwa seli zake nyingi zimepumzika. Burkitt haipumziki, kwa hiyo dawa huikuta karibu yote ikiwa katikati ya kazi. Burkitt mwenyewe aliliona hili mjini Kampala miaka ya 1960, pale watoto aliowapa dawa iitwayo saiklofosfamidi walipoanza kunywea uvimbe kwa siku chache, na baadhi wakapona kabisa. Leo katika nchi tajiri, kwa dawa kadhaa zinazotolewa pamoja, watoto zaidi ya 9 kati ya 10 hupona. Huku kwetu wanaopona ni wachache zaidi, na sababu mbili kubwa ni hizi: tunawapeleka kwa kuchelewa, na tunawatoa hospitali kabla ya kumaliza dawa.

Kuchelewa kwenyewe kuna njia zake. Kwanza shavu linachanjwa na kupakwa dawa. Halafu jino linang'olewa, linafuata la pili. Kisha linatafutwa jina la jirani wa kulaumiwa. Majuma matatu yamekwisha, na hesabu nimewapa. Wazee walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi naongeza kwamba hata asiyeficha, akizungushwa kwa waganga watatu, siku zinahesabika vile vile.

Kwa hiyo mzazi ufanyeje? Ukiona mtoto, hasa wa kati ya miaka 3 na 12, ana uvimbe wa taya unaokua kwa siku, au meno yanalegea bila kuoza, au jicho linasukumwa nje, au tumbo linavimba na kuwa gumu, nenda zahanati siku hiyo hiyo. Mwambie mganga wa zahanati uvimbe ulianza lini, kwa tarehe ukiweza. Usikubali jino ling'olewe kabla daktari hajautazama uvimbe. Omba barua ya rufaa. Hospitalini watataka kukata kipande kidogo cha uvimbe ili kipimwe. Mkubalie, maana bila kipimo hicho hawawezi kujua watumie dawa gani. Kwa Kanda ya Ziwa, tiba ya saratani hutolewa hospitali ya Bugando, Mwanza. Najua kwamba kutoka Kenyamonta hadi Mwanza si safari ndogo kwa mtu asiye na gari, na kwamba nyumbani kuna mifugo, mashamba na watoto wengine. Hapa ndipo ukoo na majirani wanapotakiwa. Michango tunayoitoa kwa ukarimu msibani, tuitoe mapema kwenye nauli.

Tena, dawa ikianza, uvimbe unaweza kutoweka katika siku chache tu. Mzazi huona shavu limerudi, hufunga mzigo na kurudi nyumbani akimshukuru Mungu. Asifanye hivyo. Seli chache zilizobaki hazionekani, lakini hesabu yao ni ile ile ya moja, mbili, nne, nane, na zikirudi huwa ngumu zaidi kutibu. Dawa hutolewa kwa awamu, na zote lazima zimalizike. Zaidi ya hayo, seli nyingi zikifa kwa mara moja taka zake huweza kuziba figo, kwa hiyo mtoto hupewa maji mengi akiwa chini ya uangalizi. Si dawa ya kununuliwa dukani na kunywewa nyumbani.

Mwisho, ugonjwa huu hauambukizi. Mtoto mwenye uvimbe wa Burkitt acheze na wenzake na ale nao sahani moja. Wala haukutokana na ukoo wa mama au wa baba, maana kasoro ile ya MYC huzaliwa ndani ya seli moja ya mtoto mwenyewe, baada ya yeye kuzaliwa. Basi mama asinyanyapaliwe, na jirani asishukiwe. Chandarua kitumike kila usiku, homa ipimwe na kutibiwa mapema, kwa sababu kila malaria inayozuiwa huzipunguzia seli za mtoto kazi ya kujikatakata.

Hadi juma lijalo, wasikilizaji wangu, leo jioni mkiwanawisha watoto watazameni mashavu yao. Kwaherini.